Kupiga picha nyeusi-nyeupe za watu wa mtaani na mbwa wao Nairobi: anza na mbwa

Wasee wengi huniuliza mimi hupataje zile picha za maboys wa mtaani wa Grogan, hapa Nairobi, na mbwa wao, wakidhani ni kamera. Si kamera. Ni kwamba siku ya kwanza huwa sipigi picha hata moja, naenda na karatasi ya mifupa kutoka kwa bucha, nakaa chini kando yao, nauliza mbwa anaitwa nani. Basi.

Miaka ya kwanza nilikuwa napiga nikiwa ng'ambo ya barabara na lenzi ndefu ya kuvuta mbali, 200mm, najiambia eti sitaki kuwasumbua. Asubuhi moja karibu na raundiabauti ya Globe kulikuwa na mama amekalia kadibodi, amevaa koti kubwa la mwanaume, na hapo kati ya kifungo cha kwanza na cha pili kuna kijibwa kimetoa kichwa kinaangalia magari. Nikalenga. Akaniona. Hakunitupia jiwe wala kunitukana, alifunga tu kile kifungo pole pole mpaka kijibwa kikapotea ndani, halafu akaniuliza kwa sauti, "Hiyo unaenda kuuza ngapi?" Sikuwa na jibu. Picha bado ninayo, koti limefungwa, macho yake yananiangalia, mbwa haonekani, na sijawahi kumwonyesha mtu. Tangu siku hiyo lenzi ndefu haitoki nyumbani.

Neno chokoraa, lile la kuwadharau watu wa mtaani, nalo liache nyumbani na hiyo lenzi. Wenyewe wanaweza kuitana hivyo, wewe hapana. Mwenye umri wa mamako ni mathee, mzee ni mzae ama buda, na hawa vijana "niaje" ya kawaida inatosha, usijifanye unajua Sheng kuwashinda, watakushika tu. Na usidhani wote ni vijana wa kunusa gundi. Sensa ya familia za mtaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima, Nairobi peke yake 15,337, humo kuna wazee, kuna akina mama na watoto wao, kuna watu wanaoamka saa kumi na moja kuokota plastiki na mabati na jioni wanarudi pale pale mbwa alipoachwa akilinda magunia.

Hapo kwa kulinda ndipo wapiga picha wengi hukosea. Wanamwona mbwa kama kitu cha kufanya picha ihurumiwe zaidi. Mbwa pale ni askari wa usiku, akibweka watu wanaamka kabla mtu hajawafikia. Na baridi ya Julai ikishika, ile ya kuingia mpaka kwa mifupa, mbwa ndiye analala katikati na watu pembeni, gunia moja juu yao wote. Ukishaelewa hiyo picha yako inabadilika yenyewe, unaacha kutafuta huzuni unaanza kutafuta nani anamwegemea nani. (Ukiwa Mombasa ama Lamu utakuta ni paka zaidi kuliko mbwa, na sababu unaijua, Waislamu wengi hawakai na mbwa karibu. Namna ya kufika kwa watu ni ile ile, ila paka hakungojei ujipange.)

Sasa kufika. Usiende peke yako mara ya kwanza, tafuta mtu anayejulikana pale, kuna mama wa chai, kuna mtu wa mkokoteni, kuna watu wa vipuri wa Kirinyaga Road ambao wanawajua hao maboys kwa majina, mmoja wao akikupeleka umeshapita nusu ya safari. Enda asubuhi, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili na nusu hivi. Watu wameamka, jua limeanza kuwapasha, hawajatawanyika kutafuta, na gundi bado haijaanza kwa wale wanaotumia. Beba kamera moja, lenzi moja, iwe nje wazi waione tangu mwanzo, usiitoe ghafla kwa begi kama mtu anayevizia.

Mbwa usimkaribie uso kwa uso. Chuchumaa upande, usimkodolee macho, acha yeye ndiye aje anuse, na ujue lenzi kwake ni jicho kubwa jeusi linamkodolea kwa hivyo iweke chini mpaka akuzoee. Aliyelala usimguse, anayekula usimguse, mwenye watoto usimsogelee hata kama mwenyewe anakuambia hana shida. Mifupa niliyosema ni ya ng'ombe, na ibichi, ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano inaweza kumtoboa tumbo. Ukiumwa hata mkwaruzo kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili halafu hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano, kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili mtu karibu hakuna anayepona. Hii sikuambii kukuogopesha, naiweka hapa kwa sababu nimeona watu wakicheka "ni mkwaruzo tu".

Ruhusa inaombwa kwa mdomo na kwa maneno yanayoeleweka. Mimi husema hivi: nataka kukupiga wewe na mbwa wako, nitakuletea yako, na hii nyingine nitaiweka kwa intaneti watu waone, ni sawa? Akisema ndio kwa picha lakini hapana kwa intaneti, ni hapana. Aliyelewa gundi ama pombe ndio yake haihesabiki, rudi kesho. Watoto ni habari tofauti kabisa. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Sheria ya Watoto ya 2022, na mtoto idhini yake inatoka kwa mzazi ama mlezi, sasa mtoto aliye peke yake barabarani mlezi utampata wapi? Mimi nyuso za watoto sipigi. Napiga mkono umeshika shingo ya mbwa, napiga mgongo wa mtoto na masikio mawili yamechomoza begani, na kusema kweli nyingi ya picha ninazozipenda ni hizo.

Pesa. Kuna wanaosema usitoe kitu, kuna wanaolipa kabla. Msimamo wangu, silipii picha, maana ukilipa mmoja wanne watakuja wamemvuta mbwa wa mwenyewe kwa kamba ili nao wapigwe, na mbwa ndiye anaumia. Lakini siendi mikono mitupu. Mkate, maziwa ya pakiti, mifupa, na tunakula pamoja, picha ikija inakuja.

Haya, kamera. Lenzi ya 35mm ama 28mm inatosha, na simu pia inatosha kabisa, ila lenzi kuu ya simu ni pana, ukimkaribia mtu sana pua inavimba, rudi hatua mbili utumie 2x. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kwa sababu mbwa hatulii, kichwa kinageuka wakati umebonyeza, kwa hivyo panda ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) bila kuogopa, chembe chembe kwa nyeusi-nyeupe hazidhuru. Wa filamu, ile nyeusi-nyeupe ya Ilford, HP5 Plus ya ISO 400 ukiipiga kama 1600 asubuhi yenye mawingu utapata kazi nzuri, umwambie tu anayeisafisha mapema ili naye arefushe muda. Flashi, hapana. Inamshtua mbwa na inawapa watu sura ya waliokamatwa.

Kwa dijitali weka kamera ionyeshe nyeusi-nyeupe kwa skrini lakini ihifadhi RAW, yaani faili ghafi, ili rangi zote zibaki ndani utakapozihitaji baadaye. Mwanga wa hapa ujue, tuko karibu na ikweta, saa sita jua liko utosini na macho ya watu yanageuka mashimo mawili meusi. Ukilazimika kupiga mchana ingia chini ya Expressway, ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, chini yake kuna kivuli na mwanga unaingia kwa pembeni tu, ni kama studio kubwa ya bure. Geuza mtu aangalie kule mwanga unatokea, utaona kitone cheupe kimeingia kwa jicho lake na kwa jicho la mbwa, hapo bonyeza.

Eksposha ndiyo inawaangusha wengi. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu. Mbwa mweusi akijaza fremu itamfanya kijivu, shusha eksposha kwa stopu 1. Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe unaowaka jua, kamera inafuata ukuta na uso unazama, pandisha kwa stopu 1 ama tafuta ukuta mwingine. Pima kwa uso wa mtu kwanza, mbwa baadaye.

Halafu ukirudi nyumbani, usibonyeze filta moja ukamaliza. Ngozi yetu ina rangi ya chungwa na nyekundu ndani yake, na ukigusa rangi hizo mbili wakati wa kubadilisha picha iwe nyeusi-nyeupe ndipo uso unainuka ama unakufa. Panda chungwa kidogo, uso unapata uhai bila kugusa pengine. Shida ni kwamba mbwa wetu wengi wa mtaani ni wa rangi ya chai ya maziwa, na hiyo nayo ni chungwa, kwa hivyo ukizidisha mbwa anapauka mpaka anaonekana kama kondoo. Panda mpaka uso ukae, halafu mbwa mrudishe chini kwa brashi. Snapseed, app ya kuhariri picha kwa simu, ina filta za rangi kwa sehemu ya nyeusi-nyeupe, jaribu ya chungwa halafu ya kijani kwa picha moja uone tofauti, ya kijani inazidisha giza kwa ngozi na kila kovu linatoka nje. Ndiyo ile sura ya mikunjo na uchafu inayopendwa mitandaoni, na mimi siipendi hata kidogo. Mtu hana ngozi hiyo, wewe ndiye umemwekea. Kontrasti ikishafika mahali ambapo mwenyewe akijiangalia atashtuka, rudisha.

Kwa fremu, shuka. Piga ukiwa usawa wa macho ya mbwa, goti chini, kwa sababu ukisimama unawaangalia watu kutoka juu kama wanavyoangaliwa kila siku na wapita njia. Kuna kijana mmoja nilimpiga amefunga mbwa wake na tai ya mtumba, tai ya hariri yenye mistari, fundo amelifunga vizuri kabisa kama mtu anayeenda intavyuu, na amesema hajawahi kumfunga na kamba kwa sababu kamba inakata shingo. Ningesimama nisingeona fundo. Chupa ya gundi iondoe kwa fremu, ama ngoja aiweke chini.

Kabla ya kuposti zima lokesheni kwa picha, na kata mabango ya maduka na majina ya vichochoro. Wanapolala ni siri yao, kanjo, askari wa jiji, wakijua wanakuja na lori.

Na ile uliyoahidi ipeleke, ndani ya wiki, si mwezi, maana watu wanahama. Kuprinti moja pale River Road haifiki hata mia. Mimi nilikuwa napeleka picha ya karatasi bila plastiki mpaka siku moja nikakuta yangu imeshikana na nyingine kwa maji ya mvua, mwenyewe ameianika kwa ukuta na jiwe juu, uso umeenda wote, amebaki mbwa. Siku hizi napiga laminesheni, ile plastiki ya juu, natoboa shimo pembeni apitishe kamba aivae shingoni ndani ya shati, na naprinti mbili, kwa sababu yule mwenzake wanayelala naye ataitaka.