Badala ya kumtumia hela, lipia kitu
Binti yangu ana miaka 24, mimba haikupangwa, na hela niliyomtumia ilikuwa inaishia kwa mpenzi wake. Sasa simpi taslimu. Bodaboda wa kliniki namlipa mimi. Vifaa vya kujifungulia (glovu, pamba, kibanio cha kitovu, khanga) nanunua kidogokidogo, vinakaa kwangu. Nilimwambia mara moja, bila kufoka: "Mwanangu, cha mtoto nitalipa, madeni yako hapana." Simu za kuombana kila wiki zimekwisha, na ugomvi nao umepungua. Ila kama binti yako anapigwa huko anakoishi, njia hii haitoshi, mtoe kwanza. Na akitokwa damu, kichwa kikimuuma sana au macho yakiona ukungu, sahau masharti: hospitali, usiku huohuo.