Modeli ya pande tatu ya jengo la kale kwa kamera ya kawaida

Likitajwa suala la kuhifadhi jengo la kale katika pande tatu, wengi huwaza skana ya leza. Skana ni chombo kizuri, ila kwa kuta, milango ya nakshi, makaburi na magofu mengi, kamera yenye lenzi isiyovuta (isiyo na zoom) na futikamba vinatosha. Njia yenyewe ni fotogrametria: unapiga picha nyingi zinazopishana, kisha programu inatafuta nukta zilezile katika picha mbalimbali na kukokotoa mahali zilipo. Maelezo yangu mengi hapa ni ya kazi ya uwanjani, na si kwa bahati mbaya. Picha mbovu hazitibiwi na programu, hata iwe ghali vipi.

Hatua ya 1: Amua unataka kuona nini

Je, modeli ni ya kuwaonyesha watu umbo la jengo kwenye simu, au mhandisi ataitumia kufuatilia nyufa? Jibu ndilo linaloamua pikseli moja ichukue sehemu kubwa kiasi gani ya ukuta. Hesabu ni fupi: upana wa pikseli kwenye kihisi (kipande cha kamera kinachopokea mwanga), zidisha kwa umbali, gawanya kwa urefu wa fokasi (ile namba ya milimita ya lenzi). Kihisi chenye upana wa milimita 36 na pikseli 6,000 kina pikseli za milimita 0.006. Kwa lenzi ya milimita 24, ukisimama mita 5 kutoka ukutani, kila pikseli inabeba milimita 1.25 za ukuta. Ukirudi nyuma hadi mita 10, inakuwa milimita 2.5. Kwa hiyo ufa wa milimita moja usitegemee kuuona kwa mpangilio huo. Sogea karibu au badili lenzi.

Hatua ya 2: Weka vipimo

Programu inajua umbo, haijui ukubwa. Kwake msikiti na mfano wake wa mbao wa kuweka mezani ni kitu kimoja mpaka uipe urefu unaoujua. Weka alama zinazoonekana wazi katika pande zote za jengo, pima umbali kati yake kwa futikamba au kipimo cha leza, na uandike papo hapo. Usigandishe kitu chochote kwenye lipu ya zamani wala mchoro wa ukutani. Alama zisimame kwenye stendi au ziwekwe chini. Pima umbali kadhaa, kisha mmoja au miwili uifiche. Hiyo hutaipa programu. Tutairudia.

Hatua ya 3: Tayarisha kamera

Siku ya mawingu ni bora kuliko siku ya jua kali, kwa sababu kivuli kinachotembea hubaki kwenye modeli kana kwamba ni rangi ya ukuta. Piga faili ghafi (RAW), ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya chini, tundu la lenzi karibu na f/8. Funga fokasi, funga mizani ya weupe (white balance), zima kidhibiti cha mtikisiko. Ndani ya vyumba vyenye kiza tumia stendi ya miguu mitatu na muda mrefu wa mwanga. Flashi iliyopachikwa juu ya kamera iache: kila picha itakuja na vivuli vyake.

Hatua ya 4: Piga

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanasimama katikati ya chumba na kuzungusha kamera pande zote. Picha za namna hiyo ni nzuri kwa panorama, lakini hazina kina, maana kamera haikuhama. Ni lazima miguu itembee.

Tembea sambamba na ukuta, ukipiga picha kila baada ya hatua. Kwa kamera ya mfano wetu, katika mita 5 picha moja inafunika mita 7.5 za ukuta. Ukitaka picha zipishane kwa asilimia 80, sogea mita 1.5 kila mara. Ukimaliza mstari wa kwanza, rudia kwa kimo kingine. Kisha piga mzunguko wa picha za mshazari, kushoto na kulia. Wanaoziacha huishia na ukuta ulionyooka unaotokea kwenye modeli ukiwa umebonyea kidogo katikati, na kosa hilo halionekani kwa macho.

Kwenye kona usikate njia. Izunguke taratibu, nyuzi 10 hadi 15 kwa kila picha, la sivyo programu itauona ukuta wa pili kama jengo jingine. Mlango ni mgumu zaidi, kwa kuwa mwanga wa nje na wa ndani haulingani. Anza nje, karibia, ingia ukipiga kila nusu hatua, kisha geuka upige tena ukitoka. Picha hizo chache ndizo zinazounganisha nje na ndani.

Mapaa yanahitaji droni, pamoja na kibali chake na cha wenye jengo. Vioo, chuma kinachong'aa na ukuta mweupe usio na doa vitakusumbua, kwa sababu havina alama za kulinganisha. Majani yanayopeperushwa na upepo nayo yatakusumbua, maana hayatulii.

Hatua ya 5: Kompyuta

Programu ya Metashape ni ya kulipia. Meshroom na COLMAP ni za bure. Mfuatano ni uleule: panga picha (programu inatafuta kila moja ilipigwa kutoka wapi), futa nukta zenye makosa, ingiza vipimo, tengeneza wingu zito la nukta (nukta nyingi zinazochora umbo la jengo), kisha uso uliofumwa kwa pembetatu, mwisho rangi. Baada ya kupanga, angalia mahali programu ilipoziweka kamera. Zikiwa hazifuati njia uliyotembea, usiendelee.

Sasa toa ule umbali uliouficha, uupime kwenye modeli na ulinganishe. Tofauti hiyo ndiyo usahihi wa kweli wa kazi yako. Iandike kwenye ripoti hata kama haikupendezi.

Zima pia kipengele cha kuziba matundu. Kwenye mchezo wa kompyuta hakina ubaya, lakini kwenye jengo la kale kinaujenga ukuta ambao hakuna aliyeuona. Ukilazimika kuziba, sehemu hiyo ipe rangi tofauti. Mkataba wa London wa 2009, unaohusu taswira za urithi wa utamaduni, unataka msomaji aweze kutofautisha ushahidi na dhana.

Hatua ya 6: Hifadhi

Mjerumani Albrecht Meydenbauer alinusurika kuanguka mwaka 1858 alipokuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar, na akaanza kufikiria kupima majengo kwa picha. Taasisi aliyoiongoza Berlin tangu 1885 iliacha hazina kubwa ya picha za vioo, ambazo bado ni chanzo cha vipimo vya majengo. Kwa hiyo usiifute kadi ya kamera baada ya modeli kupendeza. Hifadhi faili ghafi zote, daftari la vipimo, wingu la nukta katika faili za aina ya E57 au PLY, na maelezo ya tarehe, kamera na lenzi. Weka nakala tatu, moja ikiwa jengo jingine kabisa, na mara kwa mara zifungue uone kama bado zinasomeka.