Namna ya kuwasaidia wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia mashariki mwa Kongo bila kuwaponza

Baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, kambi za waliokimbia vita zilizouzunguka mji huo zilibomolewa, na watu wakaamriwa warudi vijijini kwao. Amri hiyo ilimuumiza kila mmoja, lakini kwa kijana aliyefukuzwa na wazazi wake kwa sababu anapenda wanaume wenzake, kijiji cha kurudi hakikuwepo. Tena misaada kwa kawaida huandikishwa kwa kaya, naye jina lake halimo katika kaya yoyote. Kwa hiyo, wewe uliye Dar es Salaam, Nairobi au Brussels na unataka kusimama naye, kwanza muulize anahitaji nini wiki hii. Mara nyingi atataja kodi ya chumba au dawa.

Fedha ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Benki za Goma na Bukavu zilifungwa baada ya miji hiyo kutekwa, hivyo watu wengi walibaki kutegemea fedha za simu. Kabla ya kutuma, uliza laini imesajiliwa kwa jina la nani na ni nani atakayekwenda kwa wakala, kwani mwanamke aliyebadili jinsia, ambaye kitambulisho chake kina jina na picha ya mwanamume, anaweza kujikuta akihojiwa dirishani mbele ya foleni nzima. Huenda akapendelea fedha zipitie kwa rafiki anayemwamini. Tuma kidogo kidogo, kwa sababu anayeonekana ana fedha katika mji wenye njaa huandamwa.

Simu nayo inaweza kupekuliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Washa mpangilio wa ujumbe kujifuta, na usimhifadhi katika kundi ambalo jina la kundi lenyewe linatosha kumtambulisha. Picha usichapishe hata ukiufifisha uso: jirani hulitambua pazia, geti au kitenge. Binafsi naona picha za namna hiyo humfaidi zaidi anayezichapisha.

Akitaka kukimbia, usimhimize avuke mpaka ulio karibu kabla hamjaangalia sheria ya ng'ambo. Sheria ya Kongo haitaji mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ingawa kifungu cha uvunjaji wa maadili hutumiwa dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Rwanda pia haina sheria ya kuyaharamisha. Burundi iliyaharamisha mwaka 2009, na sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inatoa kifungo cha maisha, hata adhabu ya kifo kwa makosa inayoyaita mazito. Kenya, wanakokimbilia wengi, bado ina kifungo cha hadi miaka 14.

Akifika, ajue kwamba miongozo ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ya mwaka 2012 inatambua kuteswa kwa sababu ya mwelekeo wa kijinsia kuwa msingi wa kuomba hifadhi. Aombe kuhojiwa peke yake, na ikiwezekana apewe mkalimani asiyetoka katika jamii yake, kwa maana atakachokisema katika chumba kile kinaweza kufika kambini kabla yake. Kama una uwezo wa kumlipia wakili, mlipie kabla ya mahojiano hayo, si baada ya ombi kukataliwa.