Presha ikipaa sana ubongo unaumiaje, na ufanye nini

Tukisikia presha wengi tunawaza moyo, ila ikipaa ghafla ubongo nao unaumia, tena haraka. Ukielewa unaumiaje hutababaika mtu wako akianza kubadilika mbele yako, ndo maana naanzia hapo.

Mishipa ya damu kichwani inajirekebisha yenyewe. Presha ikipanda inajibana, ikishuka inajiachia, ili damu inayofika kwenye ubongo isizidi wala isipungue. Sasa presha ikipanda mpaka 180 kwa 120 na kuendelea mishipa inaweza kuzidiwa, inabana wee mpaka inashindwa, inatanuka, na maji ya kwenye damu yanavujia kwenye ubongo. Ubongo unavimba na fuvu ni mfupa, halitanuki, kwa hiyo uvimbe hauna pa kwenda. Mara nyingi sehemu ya nyuma ndo inaathirika zaidi na huko ndiko ubongo unakochambua tunachokiona, ndo maana mtu anaweza kulalamika haoni vizuri hata kama jicho lenyewe halina shida. Au mshipa unapasuka kabisa, hapo ni kiharusi cha damu kuvuja.

Kabla hujashtuka na namba, pima vizuri. Akae kimya dakika 5, aegemee kiti, miguu iguse chini bila kukunja nne, mkono uwe usawa wa moyo na mkanda wa mashine umtoshe mkononi, maana mkanda mdogo unapandisha namba bure. Ikitoka kubwa rudia baada ya dakika chache. Imebaki 180 kwa 120 lakini yuko sawa kabisa, hana dalili yoyote? Apumzike, muulize kama aliruka dozi (sababu hii ni ya kawaida sana), halafu mwongee na daktari siku hiyohiyo.

Ila namba kubwa ikija na dalili usisubiri kupima mara ya pili. Kichwa kinauma na kinazidi, anatapika, anaona ukungu, anaongea vitu havieleweki, anasinzia kupita kawaida au ameanguka degedege, ni hospitali saa hiyohiyo. Mdomo kwenda upande, mkono kuishiwa nguvu au maneno kukwama, vilevile, hata kama mashine inaonyesha presha ya kawaida. Mjamzito ndo kabisa usimpime kwa kigezo cha 180, kwake 160 kwa 110 tayari ni hatari kubwa, na akiwa amepita wiki 20 hata 140 kwa 90 ikiwa na kichwa kuuma au kuona vimulimuli anatakiwa aonwe haraka. Mwili ambao haujazoea presha kubwa unazidiwa mapema.

Na hapa naomba tusikilizane: usijaribu kuishusha kwa pupa nyumbani. Nimesikia mara nyingi watu wanashauriana kumeza dozi mbili kwa mpigo au kuweka kidonge cha presha chini ya ulimi, jamani acheni. Mishipa iliyozoea presha kubwa, ukiiangusha ghafla damu haifiki ya kutosha kwenye ubongo na unaweza kumsababishia kiharusi wewe mwenyewe. Hata hospitali wanaishusha kwa dripu huku wanapima muda wote, na kwa kawaida saa ya kwanza hawaipunguzi zaidi ya robo ya ile iliyokuwepo. Kama ni kiharusi cha mshipa kuziba wanaweza kuiacha juu kidogo makusudi, ili damu ipenye.

Akipata degedege mlaze ubavu, toa vitu vya kumuumiza karibu yake, usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko si maji si dawa. Asiendeshe gari mwenyewe kwenda hospitali hata akisisitiza kwamba yuko fiti.

Kuna na uharibifu wa kimyakimya, presha inakula vile vimishipa vidogo miaka na miaka, vinaziba kimoja kimoja bila maumivu, baadae unaona mzee anasahausahau na hatua zake zimekuwa nzito tukadhani ni umri tu. Huo unazuilika kwa dawa za kila siku, na usiziache ghafla kisa unajisikia vizuri, kuna aina ukiikatisha presha inarudi juu kuliko mwanzo.

Mkifika mapokezi waambie mambo matatu bila kuzunguka: namba ulizopima, saa ngapi mara ya mwisho alikuwa mzima, na dawa anazotumia. Beba na makopo yake.