SOMO: Kuchora kisasili cha kale kwa mtindo wa dhahania

Wakuu, kila mara naulizwa faraghani jinsi ya kuchora miungu ya Wagiriki kwa mtindo wa dhahania, yaani usioonyesha vitu kwa umbo lao halisi. Nimechoka kurudia, nayaweka yote hapa. Mfano wetu ni kisa cha Persephone: anachuma ua, ardhi inapasuka, Hades, mungu wa kuzimu, anatoka na farasi wake na kumteka.

1. Chagua tukio, si mhusika. "Persephone" ni jina. "Ardhi inapasuka" inachoreka.

2. Andika vitenzi vya kisa: kuinama, kuchuma, kupasuka, kuburuta, kuita. Kuburuta ni brashi pana iliyokaukiwa rangi. Kupasuka ni kazi ya kisu cha kupakia rangi.

3. Paka turubai jeso (rangi nyeupe ya msingi) mara mbili. Iache ikauke.

4. Tandaza akriliki (rangi ya kuchanganywa na maji) iliyo nyepesi, ikauke.

5. Juu yake chora kisa chote kwa mkaa, watu na farasi.

6. Sasa vunja maumbo kwa rangi ya mafuta. Hapa ndipo picha nyingi hufa. Mchoraji anaogopa kisa kisipotee, anabakiza jicho moja au kwato. Mtazamaji akishaliona jicho hilo haangalii kingine, na rangi zote zinabaki kuwa mapambo. Wengine hufanya kinyume: wanafunika kila kitu sawasawa, kisa kinazikwa. Unachotakiwa kufuta ni mwili. Uzito wake na mwelekeo wake vibaki. Mgongo uondoke, mkunjo wa kuinama usalie. Itazame Pasiphaë, picha ya mchoraji Jackson Pollock ya 1943: unahisi miili imesongamana katikati, lakini ukijaribu kuifuata kwa kidole unapotea.

ONYO: Mafuta juu ya akriliki iliyokauka ni sawa. Akriliki juu ya mafuta hapana, itabanduka. Na tabaka za chini ziwe na mafuta machache kuliko za juu, la sivyo rangi itapasuka, na huo si mpasuko tunaoutaka.

7. Geuza picha juu chini. Jicho linapokwama, punguza hapo.

MASWALI

kopo_tupu: Mkuu, Zeus atumie rangi gani?
— Soma hatua ya 1.

kopo_tupu: Nimesoma, nataka rangi tu.
— Hakuna rangi ya Zeus. Zeus amefanya nini katika picha yako? Anzia hapo.

mstari_mnene: Huku si kukwepa kazi ya kuchora watu?
— Hatua ya 5 inakudai uwachore. Na waliotangulia hawakukwepa chochote: Juni 1943 wachoraji Mark Rothko na Adolph Gottlieb waliliandikia gazeti la New York Times wakitetea kwamba mada ya picha ina uzito, na kwamba mada inayofaa ni ile ya msiba, isiyopitwa na wakati.

mbichi_bado: Lakini Gottlieb huyo huyo alijaza macho kwenye picha yake Eyes of Oedipus, 1941. Mbona wewe unayakataza?
— Swali zuri sana, asante. Yeye aliigawa turubai kwa visanduku, kila alama ikakaa kwake, hivyo hakuna jicho linalotawala mengine. Ninalokataza ni jicho la pekee, linalogeuka mfalme wa picha. Ukitaka njia ya visanduku, ijaribu. Ila uanze nayo tangu hatua ya 5, usiitumie kuokoa picha iliyokwama.

mbichi_bado: Na jina la picha, lije mwanzo au mwisho?
— Njia zote zipo. Rothko alianza na tamthilia ya Aeschylus, mwandishi wa Ugiriki ya kale, ndipo akachora The Omen of the Eagle, 1942. Pasiphaë iliitwa kwanza Moby Dick, jina la sasa likaja baadaye. Mchoraji Cy Twombly naye aliandika majina ya mashujaa wa Troya juu ya turubai zenyewe, katika turubai kumi za Fifty Days at Iliam, 1978. Zitafute hizo kumi uzitazame kwa mfuatano wake.

brashi_kuukuu: Nyongeza: matambara yenye mafuta ya kitani msiyarundike. Yanajipasha joto na kuwaka yenyewe.
— Kweli kabisa. Yatandazeni nje yakauke moja moja, au yatieni kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

kopo_tupu: Mkaa wangu unachafua rangi ya mafuta.
— Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu kabla ya hatua ya 6. Mstari hafifu unaobaki unatosha.

kopo_tupu: Sawa. Zeus anarusha radi.
— Haya, sasa tuanze. Radi inatoka upande gani wa turubai, na inampiga nani?