Filamu ya mapenzi kuhusu wasanii waliokimbia kwao: muswada, usaili na lafudhi

Anza kwa kuamua msanii wako aliingiaje Dar es Salaam. Mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alikuja mwaka 1978 kupiga na bendi ya Orchestra Makassy. Alikuja kazini, na leo abiria wanashuka kituo cha Sinza kwa Remmy. Mrundi aliyekimbia mwaka 1972 akaishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba au Mishamo ni habari nyingine: zaidi ya 160,000 wa kundi lake walipewa uraia wa Tanzania, na mtoto wake anaongea Kiswahili kama jirani yako. Ukimwandikia Kiswahili cha kuvunjikavunjika umekosea. Wa tatu ni wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ambaye kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 hatoki kambini bila kibali. Akishuka stendi ya Magufuli bila hicho kibali, mgogoro wa mapenzi umeshaupata. Usiende kuutafuta kwa mama mkwe.

Kisha chukua kalamu tatu za rangi. Ya kwanza ipake kila mstari ambao mgeni anataka kitu: nyuzi za gitaa, deni lake, busu. Ya pili, kila mstari anaosimulia mateso. Ya tatu, kila mstari ambao wenyeji wanamzungumzia yeye hayupo. Rangi ya pili na ya tatu zikizidi ya kwanza, unayo taarifa ya habari iliyovalishwa nguo za harusi. Dawa yake: katika muswada wa kurasa 90, masimulizi ya vita yasianze kabla ya ukurasa wa 30, na mgeni amkatae mpenzi wake walau mara moja kwa sababu isiyohusu vita hata kidogo. Ubahili, kwa mfano. Bila hivyo mwenyeji anabaki mwokozi na mgeni anabaki wa kuonewa huruma, na huruma haichezi sebene.

Lugha ndiyo inayoharibu filamu nyingi. Mtu wa Lubumbashi akisema "batu banakuya" au "aksanti" hakosei. Hicho ni Kiswahili chenye kanuni zake, kwa hiyo asiwepo mhusika wa kumcheka ili watazamaji nao wacheke. Lakini usimbandikie maneno hayo mtu wa Kinshasa, ambaye mtaani kwao ni Kilingala. Kwa nafasi ya Mrundi, mazoea ni kumchukua Muha wa Kigoma kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana. Vinasikilizana kweli, ila Mrundi atamgundua sentensi ya kwanza. Mbadilishe mhusika awe Muha, au lipa mtu wa lafudhi akae kwenye seti na hedifoni masikioni siku zote za kurekodi, si siku ya mazoezi tu.

Ngoma za Burundi nazo si pambo. UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014, na mwaka 2017 amri ya rais ikakataza wanawake kuzipiga. Mpiga ngoma mwanamke aliyekimbilia Dar basi ana hadithi tayari mikononi. Ukimweka nyuma ya bwana harusi kama mapambo, umeitupa.

Usaili utangaze kwenye kumbi za bendi na makanisani, si mtandaoni peke yake. Mpe kila mmoja kurasa mbili: moja ya mapenzi, moja ya ugomvi wa kodi ya chumba. Asome kwanza kwa lugha yake, halafu kwa Kiswahili. Kama mhusika anapiga gitaa la solo, chukua mpiga gitaa umfundishe kuigiza. Vidole havidanganyi kamera ikisogea karibu, na wiki sita hazitoshi kumfundisha mtu sebene.

Watu wa kujaza ukumbi walipwe siku hiyohiyo, kwa fomu ileile ya wenyeji. Waulize kabla kamera haijawashwa, tena kwa maandishi: wapo ambao ndugu zao wamebaki kule na hawataki sura zionekane. Hao waketi wakiipa kamera mgongo, na majina yao halisi yasipite mwishoni mwa filamu.

Masahihisho ya lugha yamalize kabla ya kupeleka muswada Bodi ya Filamu kuomba kibali. Manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, weka kwenye Kirundi na Kilingala. Kiswahili cha Kongo kiache bila manukuu kwanza, uwaonyeshe watu watano wa Magomeni. Mahali watatu wamepotea, hapo ndipo uandike.