Kadi ya bangi ya tiba Pennsylvania: soma hapa kabla hujaniuliza

Wakuu, wiki hii nimejibu swali la jinsi ya kupata kadi ya kununua bangi ya tiba kihalali mara sita, mbili kati ya hizo saa nane usiku. Nina sikoseli na huu ni mwaka wa nne nina kadi. Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena namtupia hili. Ni Pennsylvania peke yake. Uliye New Jersey au Ohio, kwenu kuna sheria zenu.

Kama hujawa raia wa Marekani, ishia hapa kwanza. Usijisajili, usinunue, mtafute wakili wa uhamiaji. Act 16 ya 2016, iliyoruhusu bangi ya tiba, ni sheria ya jimbo. Uhamiaji ni serikali kuu, na Aprili 2019 walitoa mwongozo kwamba kutumia bangi, hata jimbo likiwa limeruhusu, kunaweza kukukosesha uraia kwa kigezo cha mwenendo mwema. Mimi nilingoja mpaka nikala kiapo cha uraia ndipo nikaanza. Miaka ile niliumwa sana, sikudanganyi.

Haya, hatua zenyewe.

1. Angalia kama ugonjwa wako umo kwenye orodha ya jimbo. Sikoseli imo tangu mwanzo. Saratani, kifafa, VVU, PTSD (athari za kiwewe), maumivu makali sugu, vyote vimo. Ugonjwa wa wasiwasi uliongezwa 2019. Kukosa usingizi peke yake hakumo.

2. Jisajili kwenye tovuti ya Idara ya Afya ya jimbo. Hapa ndipo nilipoharibu. Jina na anwani lazima vifanane na vilivyo kwenye leseni yako ya udereva au kitambulisho cha PennDOT, idara ya usafiri ya jimbo. Sisi na majina yetu matatu! Leseni yangu ina jina la baba katikati na la babu mwishoni, mimi nikajaza nilivyozoea kuitwa, babu nikamwacha nje. Ikabidi nirudie. Mara ya pili jina likawa sawa, nikasahau kuwa nilishahama nyumba na PennDOT sikuwaambia. Bahasha ya kadi ikaenda kwa mpangaji mpya wa chumba changu cha zamani, akaiweka juu ya friji akidhani ni barua ya benki. Wiki tano nalala na maumivu, kadi iko juu ya friji ya mtu! Kwa hiyo badilisha anwani PennDOT KWANZA, ni bure. Kisha shika leseni mkononi na unakili herufi kwa herufi, na kistari kama kipo. Usijaze kwa kichwa.

3. Muone daktari aliyeidhinishwa na jimbo. Hata kwa video inakubalika. Haandiki dawa, anathibitisha ugonjwa tu. Nenda na kumbukumbu zako za hospitali. Bima hailipi.

4. Lipa dola 50. Ukiwa na Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) au WIC (msaada wa chakula kwa mama na watoto) kuna punguzo, liombe. Kadi ni ya mwaka mmoja.

5. Kadi ikifika, nenda duka lenye leseni. Mfamasia mtajie dawa zako zote. Wa kwangu alichukua kibomba cha chupa ya matone, akachora mstari kwa kalamu chini kabisa: "Usivuke hapa wiki ya kwanza."

Haki zako: mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu tu una kadi. Ila ukifika kazini umelewa, au ukitumia humo humo, kadi haikusaidii. Kuvuta kwa moto hakuruhusiwi. Majani yanauzwa, lakini ni ya kifaa cha mvuke. Kupanda nyumbani ni kosa. Dawa ikae kwenye kifungashio chake na kadi uwe nayo. Na barabarani muwe macho: sheria ya hapa inahesabu hata mabaki kwenye damu, uwe umelewa au hujalewa, na kadi si kinga.

MASWALI

Kijana wa Erie: Mkuu, mimi kesi yangu ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado haijaisha. Naweza kupata kadi?
— Aya ya pili. Irudie.

Kijana wa Erie: Nimeisoma, ila jamaa yangu alipata na hakuna kilichotokea.
— Jamaa yako si wakili wako. Nami pia siye.

Dereva wa Masafa: Nina CDL (leseni ya malori), raia. Nikionyesha kadi kwenye kipimo cha dawa za kulevya?
— Kipimo chenu ni cha serikali kuu. Kadi hawaijui.

Mjukuu wa Tanga: Desemba naenda Dar, nibebe matone kidogo tu?
— Hata tone. Jimbo la jirani tu huvuki nayo, sembuse Dar. Kule ni jela.

Mama Wawili: Shikamoo kaka. Mwanangu ana miaka 14, sikoseli. Daktari wake wa damu hajataja bangi, naogopa kumuuliza. Mtoto anaruhusiwa?
— Marahaba dada. Anaruhusiwa, lakini mzazi au mlezi lazima asajiliwe kama msimamizi wake, na utakaguliwa rekodi ya jinai. Yeye hanunui, ni wewe. Muulize daktari wake wazi kabisa, hawezi kukukasirikia, na usimwachishe hydroxyurea, dawa yake ya sikoseli, kwa sababu ya hii. Bangi haitibu sikoseli, inaweza kupunguza maumivu tu. Nyumbani mnaishi na nani? Kama kuna wadogo, nunua kisanduku chenye kufuli.

Mama Wawili: Asante. Baridi ikianza ndipo anapoumwa zaidi. Wewe unafanyaje?
— Soksi mbili, maji kila saa hata kama sina kiu, na chupa ya mpira ya maji moto mgongoni.

Bibi Mgeni: Msiiweke chupa wazi, inababua. Ifungeni na khanga.
— Kweli bibi. Ya kwangu nafunga khanga mbili.

Mama Wawili: Hizo chupa za mpira mnazipata wapi huku?
— Duka la dawa lolote, rafu ya chini karibu na bandeji. Chukua yenye mdomo mpana.